Kununua SUV iliyotumika: gari la familia litakaloingia porini na kutoka

Gari la 4x4 lililotumika hukaguliwa ukiwa umelala chini yake. Rangi hung'arishwa kwa siku moja, viti huoshwa kwa saa chache, na injini chafu hupigwa maji ya presha ikaonekana mpya. Chasisi iliyopasuka, difu (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu ya kulia na kushoto) iliyoingia maji na transfa (giaboksi ndogo inayopeleka nguvu mbele na nyuma) iliyogoma havifichiki kirahisi hivyo, na ndivyo vinavyokula pesa nyingi. Tenga saa tatu za mchana kwa kila gari unalolichukulia kwa uzito. Mvua ikinyesha, ahirisha: bodi iliyolowa huficha rangi iliyopigwa upya, na ardhi yenye maji huficha uvujaji.

1. Andika safari zako kabla ya kutafuta gari

Hesabu watu, hesabu mizigo, kisha orodhesha njia mbaya unazokwenda kweli kwa mwaka. Kama ni changarawe na tope jepesi la mara chache, SUV ya bodi moja, isiyo na chasisi tofauti, kama Toyota RAV4, Honda CR-V au Nissan X-Trail inatosha kabisa. Ni nyepesi, inakunywa mafuta kidogo na watoto hawarushwirushwi. Kasoro yake porini ni kukosa gia za chini, zile zinazoandikwa L4. Gia hizo huzidisha nguvu ya magurudumu mara mbili au zaidi na kuliwezesha gari kushuka mteremko mkali kwa mwendo wa mtu atembeaye, breki zikiwa zimepumzika. Kwa mito, mawe na mchanga mzito, bila L4 utaunguza klachi au kuchemsha giaboksi ya oto.

Watu wengi hutazama chasisi ya ngazi, yaani fremu ya chuma yenye umbo la ngazi chini ya bodi, peke yake kama kipimo cha ugumu. Ni kigezo kizuri, lakini hakitoshi. Mitsubishi Pajero ya kizazi cha tatu, iliyotoka mwaka 1999, iliacha chasisi tofauti na kuunganisha fremu ndani ya bodi, na bado ina L4 na inapita njia ngumu. Suzuki Jimny ina chasisi ya ngazi na L4, ila ni ya watu wanne na begi moja. Kwa hiyo anza na transfa yenye L4, kisha nafasi, kisha chasisi.

Kimo cha tumbo la gari kutoka ardhini kiwe angalau milimita 200, na 220 kama unavuka mawe. Kipimo cha kiwanda ni cha gari lisilo na mzigo. Familia ya watu watano na mabegi yao hushusha nyuma kwa sentimita kadhaa, na springi zilizochoka hushusha zaidi.

Jambo la mwisho mezani ni mafuta. Dizeli za kisasa zina kichujio cha masizi kwenye ekzosi, na kichujio hicho hujisafisha kikipata joto la safari ndefu. Gari linaloshinda likipeleka watoto shule kilomita tatu na kurudi halifikii joto hilo. Masizi hujaa, taa huwaka, injini hukosa nguvu, na kichujio kipya ni ghali sana. Ukiwa na safari fupi siku tano na porini siku mbili kwa mwezi, chukua petroli.

2. Simu na karatasi

Muulize muuzaji mambo manne kabla ya kutoka nyumbani: taimingi belti au cheni iliguswa lini, oili ya difu na transfa ilibadilishwa lini, gari limewahi kuvuta trela, na risiti ziko wapi. Gari lenye kilomita 250,000 na risiti za kila huduma ni salama kuliko lenye kilomita 120,000 na maneno matupu. Mwombe pia asiliwashe kabla hujafika.

Namba ya chasisi iliyogongwa kwenye chuma, ile ya kibao na ile ya hati lazima zilingane herufi kwa herufi. Magari mengi duniani yana namba ya herufi na tarakimu 17. Yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani hutumia namba fupi zaidi, hilo lisikushtue. Kinachotisha ni alama za kusagwa au kuchomelewa kuzunguka namba. Hakikisha kwenye mamlaka ya usajili kwamba gari halina deni wala rehani, na kwamba anayekuuzia ndiye mwenye jina kwenye hati.

3. Injini ikiwa baridi

Njoo na tochi kali, sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa, bisibisi, kitambaa cheupe, mkeka wa kulalia na skana ya kusoma kompyuta ya gari. Weka mkono juu ya boneti. Ikiwa ina joto, mtu ameficha jinsi injini inavyowaka asubuhi, nawe una haki ya kusubiri ipoe.

Fungua mfuniko wa rejeta injini ikiwa baridi tu. Kulanti iwe safi yenye rangi yake, isiwe na kutu wala utando wa mafuta. Utando wa rangi ya waridi kama maziwa, hasa kwenye gari la oto, maana yake ni kwamba oili ya giaboksi imekutana na maji ndani ya rejeta. Nissan Pathfinder za R51 za kati ya mwaka 2005 na 2010 zinajulikana kwa ugonjwa huo: kipozeo cha giaboksi kimo ndani ya rejeta, kikipasuka maji huingia kwenye giaboksi na kuiua. Ukinunua gari la aina hiyo, badilisha rejeta au tenganisha kipozeo kabla ya safari yoyote.

Chomoa kijiti cha oili. Oili nyeusi kwenye dizeli ni kawaida. Iliyo na rangi ya chai ya maziwa si kawaida kwa injini yoyote. Utando mwembamba wa maziwa chini ya mfuniko pekee unaweza kuletwa na unyevu wa safari fupi, basi linganisha na kijiti kabla ya kuhukumu.

Sasa fungua boksi la ea klina. Hapa ndipo injini za porini zinapokufa, na ni wanunuzi wachache wanaopaangalia. Toa filta, kisha pitisha kitambaa cheupe ndani ya bomba linaloelekea kwenye injini, yaani upande wa hewa iliyokwisha kuchujwa. Kikitoka na vumbi, injini imekuwa ikila mchanga. Mchanga husaga ringi na kuta za silinda pamoja na mapanga ya tabo (feni inayosukuma hewa kwenye injini), na hakuna oili itakayorudisha chuma kilicholiwa. Kama kuna bomba refu linalovuta hewa kutoka usawa wa paa, kagua viungio vyake vyote. Bomba lisilozibwa vizuri ni pambo tu, na ukiingia mtoni injini itavuta maji kupitia hapo.

Mwambie muuzaji awashe huku wewe umesimama nyuma. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Moshi mweusi mzito ni mafuta mengi au hewa kidogo: nozeli, tabo au filta. Moshi mweupe unaodumu baada ya injini kupata joto, wenye harufu tamu, ni kulanti. Silinda hedi au gasketi yake ina tatizo. Dizeli ikitoa moshi mweupe mkali kwa sekunde chache asubuhi, anza kwa kukagua plagi za joto.

Injini ikiwa inanguruma taratibu, legeza mfuniko wa oili na uuache ukae juu ya tundu. Ukitikisika kidogo, sawa. Ukirushwa pembeni kwa upepo wa ndani, ringi zimechoka. Hapo mwambie fundi apime mgandamizo wa kila silinda. Kipimo hicho ni bei ndogo sana ukilinganisha na injini nzima.

4. Bodi na ndani

Pitisha sumaku taratibu kwenye milango, kingo za magurudumu na nguzo za paa. Isiposhika vizuri, kuna puti chini, isipokuwa paneli ni ya aluminiamu au plastiki. Tazama mianya kati ya boneti na bampa, kulia na kushoto iwe sawa. Mlango uliopakwa rangi si kosa. Nguzo iliyonyooshwa ni sababu ya kuondoka, kwa sababu ndiyo inayowakinga watoto gari likipinduka.

Vuta kila mkanda hadi mwisho. Mstari wa matope kwenye sehemu ambayo kwa kawaida hujikunja ndani ni alama ya gari lililozama. Inua kapeti, gusa sponji chini yake, angalia boliti za siti kama zina kutu. Gari lililozama ndani usilinunue kwa bei yoyote: nyaya huendelea kuoza kwa miaka, na kompyuta ya eabegi mara nyingi imewekwa chini, katikati ya siti za mbele.

Zungusha funguo bila kuwasha injini. Taa za injini, ABS na eabegi zote ziwake, kisha zizime baada ya kuwasha. Taa isiyowaka kabisa huenda imezimwa kwa makusudi. Ndipo unaunganisha skana. Usisome makosa tu. Soma pia kama majaribio ya ndani ya kompyuta yamekamilika. Makosa sifuri huku majaribio mengi hayajakamilika ni dalili kwamba kuna mtu amefuta kumbukumbu muda mfupi uliopita, au betri ilitolewa. Endesha, kisha soma tena.

5. Chini ya gari

Lala. Anza mbele, fuata chasisi hadi nyuma, upande mmoja kisha mwingine. Gonga kwa mpini wa bisibisi kila nusu mita: chuma kizima hulia kwa sauti kali, kilicholiwa na kutu hulia butu. Sehemu hatari ni mikunjo inayohifadhi tope, juu ya ekseli ya nyuma na mahali springi na shokapu zinapofungwa. Rangi nyeusi ya lami iliyopigwa karibuni chini nzima inapaswa kukutia shaka badala ya kukufurahisha. Kwaruza kidogo uone kilichofunikwa. Tafuta nyufa kwenye vishikio vya shokapu na boksi la stelingi, na alama za kuchomelea ambazo kiwanda hakiziachi hivyo. Chasisi iliyopasuka na kuchomelewa inaweza kuwa imara, lakini uthibitisho ni wa mtaalamu wa chasisi, neno la muuzaji halitoshi.

Mabamba ya kinga yaliyokwaruzwa yamefanya kazi yake. Difu iliyobonyea, tangi la mafuta lililosukumwa ndani au mkono wa gurudumu uliopinda ni habari nyingine. Linganisha kulia na kushoto: kilichopinda huonekana kwa mwenzake.

Shika kila propela, yaani mhimili mrefu unaopeleka nguvu kwenye difu, uizungushe kwa mkono mbele na nyuma, gari likiwa limezuiwa magurudumu. Krosi, yaani kiungio cha propela, ikicheza, utaisikia ikigonga. Kagua mipira ya sivi jointi (viungio vya ekseli vinavyojikunja gurudumu likigeuka), kwani iliyochanika huingiza mchanga, na jointi huanza kulia kona inapokatwa kabisa. Kwenye magari yenye ekseli nzima mbele, kama Land Cruiser 80, tazama tufe la chuma nyuma ya gurudumu. Grisi nyembamba iliyochanganyika na oili ikidondoka hapo, sili ya ndani imekufa na oili ya difu inasafisha grisi ya beringi.

Mwombe fundi afungue boliti ya kujazia oili ya kila difu. Ya kujazia kwanza, ya kumwagia baadaye, maana ya juu ikigoma baada ya kumwaga, gari halitaondoka hapo. Oili ya maziwa ni maji ya mtoni yaliyoingia. Chanzo huwa ni pumzi ya difu, tundu dogo la kupitishia hewa: difu yenye joto ikizama kwenye maji baridi, hewa ya ndani husinyaa na kuvuta maji kupitia pumzi iliyo chini au sili iliyochoka. Kwenye sumaku ya boliti, uji laini wa kijivu ni usagaji wa kawaida. Vipande unavyoweza kuvihesabu ni meno ya gia.

Inua magurudumu ya mbele kwa jeki, weka stendi. Tikisa kila gurudumu ukishika juu na chini: likicheza ni beringi au boli jointi. Tikisa kulia na kushoto: ni tairodi au boksi la stelingi.

Matairi mwishowe. Tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT ni wiki na mwaka: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi likishapita miaka 6 likaguliwe kwa makini kila mwaka, likifika 10 litupwe hata kama lina meno. Kwenye gari lenye 4x4 ya kudumu, matairi manne yawe ya ukubwa mmoja na uchakavu unaokaribiana. Tofauti huifanya difu ya kati izunguke muda wote hadi iungue.

6. Jaribu 4x4 yenyewe, na kwenye udongo

Hii ndiyo sehemu inayorukwa kuliko zote, ilhali ndiyo sababu ya kununua gari hilo. Land Cruiser 70 na Jimny zina mfumo unaouunganisha mwenyewe. Ukiweka H4, yaani 4x4 kwa gia za kawaida, propela ya mbele na ya nyuma hufungwa zizunguke sawa. Kona inapokatwa, magurudumu ya mbele hutembea umbali mrefu kuliko ya nyuma. Kwenye udongo tairi huteleza kidogo na kufidia. Kwenye lami kavu halitelezi, na mkazo huishia kwenye transfa na ekseli. Land Rover Discovery na nyingine za 4x4 ya kudumu zina difu ya kati inayoruhusu tofauti hiyo, nazo hutembea hivyo barabara zote mradi loki ya kati, inayoizuia difu hiyo kuruhusu tofauti, haijafungwa.

Tafuta uwanja wa udongo uliolegea. Kwa mfumo wa kuunganisha, weka H4 na ukate kona kali taratibu: gari linapaswa kukaza, kama linalokataa. Likizunguka laini kama la magurudumu mawili, mbele hakujashika, hata kama taa ya dashibodi imewaka. Kisha simama kabisa, weka gia huru, ingiza L4. Taa ikipepesa bila kutulia, mota ya kubadilisha imeganda, tena mara nyingi kwa sababu ya kutotumika. Tembea L4 mita mia, sikiliza kama inaruka nje ukiachia mafuta. Kama kuna loki ya difu ya nyuma, iwashe ukiwa unakwenda moja kwa moja na utazame taa ikitulia. Ikikataa baada ya mita kadhaa, weka gharama yake kwenye hesabu.

7. Barabarani, dakika 40 au zaidi

Endesha taratibu, kisha kasi ya barabara kuu, kisha mlima, kisha njia yenye mashimo. Oto ikichelewa zaidi ya sekunde moja au mbili kushika baada ya kuweka D, au ikitetemeka mwendo wa kati kana kwamba inapita matuta madogo, giaboksi au kiunganishi chake kinadai. Mngurumo unaobadilika ukipinda kulia au kushoto ni beringi ya gurudumu. Usiobadilika ukipinda lakini ukibadilika ukiachia mafuta ni difu. Mwishoni simama, washa kiyoyozi, acha injini inguruma dakika 10 huku ukitazama mshale wa joto. Mshale usisogee.

8. Siti za watoto na hesabu ya uzito

Njoo na siti za watoto zenyewe, uzifunge. Gari pana halihakikishi siti tatu kwa mstari mmoja. Tafuta vishikio vya chuma vya Isofix, na mkanda wa pointi tatu katikati, kwani magari mengi ya zamani yana wa kiunoni tu hapo. Keti mwenyewe mstari wa tatu, uone kama kichwa kiko sentimita chache kutoka kioo cha nyuma. SUV ni ndefu kwenda juu na hupinduka kwa urahisi kuliko gari dogo, kwa hiyo udhibiti wa kielektroniki wa kuteleza ni kitu tunachokiweka mbele ya siti za ngozi. Marekani iliulazimisha kwa magari mapya ya mwaka 2012, na Umoja wa Ulaya mwaka 2014. Kabla ya hapo thibitisha kwamba upo.

Kisha toa uzito wa gari tupu kwenye uzito wa juu unaoruhusiwa. Mfano: kilo 2,900 kutoa 2,300 ni 600. Watu watano kilo 350, bampa la chuma 50, keria 35, hema la juu 60, maji lita 40, vifaa vya kuokolea 30. Zimebaki kilo 35, na chakula hakijapakiwa. Paa nyingi huruhusu kilo 75 hadi 100 gari likitembea, keria ikiwa ndani ya hesabu hiyo.

9. Gari lililobadilishwa

Kuinuliwa milimita 50 kwa vifaa vizuri hakuna shida. Zaidi ya hapo pembe za propela na sivi jointi huwa kali, na mabomba ya breki hukazwa. Matairi makubwa hudanganya vipimo: kutoka 265/65R17 kwenda 285/70R17, mzingo huongezeka asilimia 7. Ukisoma 100 unakwenda 107, na kilomita zilizoandikwa ni pungufu ya zile gari lilizotembea. Kulabu nyembamba zilizochomelewa chini mbele ni za kufungia gari kwenye meli au lori. Ukizitumia kuvuta gari lililokwama, zinaweza kung'oka na kuruka kama risasi. Tafuta kishikio kilichofungwa kwenye chasisi kwa boliti.

10. Bei, na wiki za kwanza

Andika kila ulichokiona na gharama yake, kisha kaa na muuzaji ukiwa na karatasi hiyo. Matairi manne, taimingi belti, shokapu na bushi ni vya kujadiliana. Chasisi iliyooza, gari lililozama na injini iliyokula mchanga havijadiliwi, ondoka. Usiweke akiba yote kwenye bei ya ununuzi: bakiza kama asilimia 15.

Ukishalinunua, badilisha oili zote kabla ya safari: injini, giaboksi, transfa, difu mbili, kulanti na mafuta ya breki. Difu moja ya SUV ya kati humeza takriban lita 1 hadi 3. Kipimo kamili kimo kwenye kitabu cha gari. Belti isiyo na risiti ihesabu kuwa imeisha. Shusha tairi la akiba na ulifunge kwa jeki ya gari hilohilo, ili ujue winchi yake inazunguka na ufunguo wa nati za usalama upo.

Safari ya kwanza iwe fupi, pamoja na gari jingine. Ukirudi, lala tena chini yake na tochi: kaza nati za magurudumu, futa kila sili, na siku inayofuata futa tena uone ni ipi iliyolowa.